Prandtl-D: ndege bawa iliyokata kona bila usukani

Ndege bawa ni ndege iliyovuliwa kila kitu isipokuwa bawa. Haina mkia wa kulala, haina mkia wa kusimama, na mara nyingi haina hata kiwiliwili. Betri, kipokezi cha rimoti na sevo (mota ndogo za kusogeza vibao) vyote hufichwa ndani ya unene wa bawa lenyewe. Kwa macho inapendeza mno. Kwa mjenzi ni deni, kwa sababu kila kazi iliyokuwa ikifanywa na mkia sasa inadaiwa bawa.

Kazi zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni kutuliza pua isipande na kushuka ovyo, na hiyo ilishapatiwa dawa zamani: mabawa yanarudishwa nyuma, na ncha zake zinapunguzwa pembe. Ya pili ni kona. Hapo ndipo mafundi wakubwa walipohangaika kwa miongo mingi, na hapo ndipo kilipo kisa cha Prandtl-D, ndege ya rimoti isiyo na injini iliyoundwa na kikundi cha wanafunzi na wahandisi wa NASA katika jangwa la Mojave, California. Kisa hiki kimesimuliwa sana, na mara nyingi kimesimuliwa kwa kuanzia mahali pasipo penyewe. Watu huanza na ukinzani wa hewa. Mimi naona habari yote iko kwenye kona.

Ugomvi wa pua

Rubani anapotaka kukata kona kulia, kibao cha nyuma ya bawa la kushoto hushuka na cha kulia hupanda. Bawa la kushoto linapata mnyanyuo zaidi na kuinuka, ndege inalala ubavu wa kulia. Lakini mnyanyuo haupatikani bure. Bawa lililoongezewa mnyanyuo limeongezewa na ukinzani pia, kwa hiyo linaburutwa nyuma, na pua inageukia kushoto wakati ndege yenyewe inalalia kulia. Kwenye ndege ya kawaida rubani anakanyaga usukani wa mkia na ugomvi unaisha. Kwenye ndege bawa hakuna cha kukanyaga.

Jack Northrop wa Marekani, aliyezitumikia ndege bawa kuliko karibu mtu yeyote, aliweka vibao vya breki kwenye ncha: kibao kinapasuka mara mbili, nusu juu nusu chini, kinakamata hewa na kuivuta ncha ile nyuma. B-2, ndege ya kivita ya Marekani iliyoruka mara ya kwanza Julai 1989, bado inatumia njia hiyo. Wapenzi wa modeli hufanya jambo rahisi zaidi, wanagundisha pezi la wima kwenye kila ncha. Njia zote mbili zinafanya kazi, na zote mbili zinalipiwa kwa ukinzani. Unavua mkia ili uokoe hewa, kisha unarudisha vipande vyake kwenye ncha.

Wakati huohuo mwewe anazunguka juu ya soko, hana pezi la wima hata moja mwilini, na kona zake hazina kasoro. Swali hilo la ndege wa kweli ndilo lililomshika Albion Bowers, aliyekuwa mwanasayansi mkuu wa kituo cha utafiti wa urukaji cha NASA kilichopo kwenye kambi ya Edwards. Kambi hiyo, kwa taarifa, imepewa jina la Glen Edwards, rubani wa majaribio aliyekufa Juni 1948 katika YB-49, ndege bawa ya Northrop. Kufanya majaribio ya ndege bawa mahali penye jina hilo kunahitaji moyo.

Karatasi ya 1933

Ludwig Prandtl wa Göttingen, Ujerumani, ndiye aliyeipa dunia hesabu ya bawa inayofundishwa hadi leo. Hesabu yake ya awali ilisema hivi: ukipewa urefu wa bawa, kutoka ncha hadi ncha, ukinzani unaoletwa na mnyanyuo unakuwa mdogo kabisa endapo mnyanyuo umegawanywa kwa umbo la duaradufu, mwingi katikati na ukipungua hadi sifuri kwenye ncha. Vitabu vingi vinaishia hapo.

Mwaka 1933 Prandtl alirudi na swali jingine. Je, tukiacha kufunga urefu wa bawa, na badala yake tufunge uzito wa boriti inayolibeba? Jibu likatoka tofauti. Bawa linalofaa zaidi ni refu kidogo, na mnyanyuo wake umekaa kama kengele: umejaa katikati, unashuka haraka, kisha unafifia polepole kuelekea ncha, ambazo karibu hazibebi kitu. Bawa hilo lina urefu zaidi kwa asilimia 22 na ukinzani pungufu kwa asilimia 11.

Nambari hiyo ya 11 ndiyo inayozungushwa kila mahali, na wengi wanaipokea vibaya. Hesabu yake inaingia kwenye mistari miwili. Kwa urefu uleule na uzito uleule wa ndege, umbo la kengele lina ukinzani mkubwa kuliko duaradufu, si mdogo: ni mara nne kwa tatu, yaani asilimia 33 zaidi. Kinachookoa ni kurefusha bawa. Urefu ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 1.5, ambacho ni 1.22, ukinzani unagawanywa kwa 1.5. Nne kwa tatu gawanya kwa tatu kwa mbili ni nane kwa tisa. Hapo ndipo asilimia 11 inapotoka.

Kwa hiyo kama mashindano yako yanaweka kikomo cha urefu wa bawa, au gari lako linabeba bawa la mita moja na nusu na si zaidi, kengele haikupunguzii ukinzani hata kidogo. Inakuongezea. R. T. Jones wa NACA, shirika lililotangulia NASA, alirudia hesabu ya aina hii mwaka 1950 kwa kufunga nguvu inayokunja mzizi wa bawa, yaani sehemu yake ya katikati, akapata asilimia 15 ya nafuu kwa asilimia 15 ya urefu wa nyongeza. Wote wawili wanasema jambo moja: nafuu ipo kwa mwenye nafasi ya kurefusha.

Ndugu wawili wa Kijerumani, Walter na Reimar Horten, walilichukua umbo la kengele na kulitia kwenye ndege bawa zao zisizo na injini katika miaka ya 1930. Hawakulipendea ukinzani. Reimar alitaka kona safi, na aliamini kwamba ncha zisizobeba mzigo zingempa. Hata hivyo ndege zake kadhaa zilibaki na vibao vya breki kwenye ncha, kwa hiyo aliyetaka kubisha alikuwa na pa kushika.

Kwa nini ncha inasukuma mbele

Hapa msomaji avumilie kidogo, kwa sababu bila kipande hiki ndege yenyewe haieleweki.

Mnyanyuo husukuma wima kwa mkondo wa hewa unaolifikia bawa pale lilipo. Kwenye bawa la duaradufu, hewa inayolifikia bawa imeinamishwa chini kidogo, sawasawa kutoka mzizi hadi ncha. Mnyanyuo basi umelalia nyuma kidogo kila mahali, na kule kulalia nyuma ndiko ukinzani tunaousema. Ukiongeza mnyanyuo mahali popote, unaongeza na kulalia nyuma.

Kwenye bawa la kengele mambo si sawasawa. Hesabu inaonyesha kwamba hewa inashuka katikati, nguvu ya kushuka inapungua kadiri unavyoelekea ncha, na ukifika asilimia 71 ya nusu ya bawa inakuwa sifuri. Kupita hapo hewa inapanda. Kisulisuli kikubwa kinachoachwa nyuma ya ndege kinazaliwa karibu na eneo hilo badala ya kwenye ncha, na sehemu ya nje ya bawa inakaa upande wake unaopanda. Mnyanyuo wa pale haulalii nyuma, unalalia mbele. Sehemu ile ya bawa inaisukuma ndege.

Sasa rudi kwenye kona ya kulia. Kibao cha ncha ya kushoto kinashuka, mnyanyuo wa ncha unaongezeka, na kwa kuwa umelalia mbele, ncha ya kushoto inasukumwa mbele. Pua inageuka kulia, kulekule ndege inakolalia. Ugomvi umegeuka kuwa msaada, bila pezi wala breki. Sharti ni moja: vibao viwe nje kabisa, kwenye eneo la hewa inayopanda. Ukiviweka katikati ya bawa, umerudi kwenye shida ileile.

Umbo lililochaguliwa

Ndege ya kwanza na ya pili za mradi zilikuwa na urefu wa mita 3.75 ncha hadi ncha. Upana wa mzizi, mbele hadi nyuma, ni takriban milimita 400, na wa ncha takriban 100. Ukingo wa mbele umerudishwa nyuma digrii 24. Hakuna kitu cha wima popote. Vibao vya uongozi ni viwili tu, kimoja kila ncha, vikifanya kazi ya kupandisha pua na ya kulaza ndege kwa pamoja.

Vibao viwili, sevo mbili. Kwa mjenzi wa bajeti ndogo huo ndio utamu wake.

Ukikaa na penseli, vipimo hivyo vinakuambia mengi kuhusu mahali pa kuweka betri. Kwa kanuni ya kawaida ya bawa linalosinyaa kwa mstari ulionyooka, upana wa wastani unatoka milimita 280, nao uko milimita 750 kutoka katikati. Robo ya upana huo inaangukia milimita 404 nyuma ya pua. Mzizi wenyewe una 400. Yaani ile nukta ambayo uzito hautakiwi kuipita iko nyuma ya ukingo wa nyuma wa mzizi, hewani, pasipo na kitu cha kuwekea kidole. Anayezoea kupima mizani kwa kushika bawa chini kwa vidole viwili karibu na mzizi atatafuta nukta hiyo asiipate.

Kengele nayo inasogeza kitovu cha mnyanyuo kuelekea katikati, kwenye asilimia 34 hivi ya nusu ya bawa, ambapo duaradufu ingekuwa asilimia 42. Kwa umbo hili ni kama milimita 637 kutoka katikati, na robo ya upana wa pale inaangukia milimita 358 nyuma ya pua. Hapo ndipo uzito ungekaa ili ndege iruke na vibao vikiwa vimenyooka. Kati ya 358 na 404 kuna milimita 46, asilimia 16 ya upana wa wastani. Hizo ni hesabu zangu za penseli, na programu ya kukokotoa mabawa itazisogeza kidogo huku au kule, lakini picha haibadiliki: bawa lenye mrudio na kengele linajipatia utulivu wa pua ndani ya msokoto uleule unaolipatia kona. Ndiyo maana napenda usanifu huu. Kazi mbili za mkia zimelipwa kwa sarafu moja.

Msokoto

Sarafu yenyewe ni msokoto, yaani jinsi pembe ya bawa inavyobadilika kutoka mzizi hadi ncha. Kwenye ripoti ambayo Bowers na wenzake waliitoa kupitia NASA mwaka 2016, nusu ya bawa imegawanywa vituo 20 na kila kituo kimepewa pembe yake. Tusome vichache. Kwenye mzizi ni digrii 8.33. Badala ya kushuka, pembe inapanda kidogo hadi 8.90 kwenye kituo cha nne, kisha inaanza kuteremka. Katikati ya nusu-bawa, kituo cha kumi, bado ni 7.75. Kituo cha kumi na tano ni 4.19. Ncha ni −1.67.

Angalia mteremko ulivyo. Nusu ya kwanza ya safari imepoteza digrii 0.58 tu. Nusu ya pili imepoteza 9.42. Karibu msokoto wote umerundikwa nje.

Fundi wa povu na waya wa moto hapa ndipo anapopata taabu. Njia ya kawaida ya kukata bawa la modeli ni kubandika kiolezo kwenye mzizi, kingine kwenye ncha, kisha waya wa moto unapita katika povu kutoka kiolezo hadi kiolezo. Waya ni mstari mnyoofu, kwa hiyo kingo zinatoka nyoofu, na pembe za kati zinaamuliwa na violezo viwili tu. Ukikata nusu-bawa nzima kwa violezo viwili vya digrii 8.33 na −1.67, katikati utapata kama 6.3 mahali panapotakiwa 7.75. Umekosea kwa digrii 1.4 hivi, na kwa bawa la namna hii hilo si kosa dogo, ni bawa jingine. Litaruka, huenda hata kwa utulivu, ila halitakuwa kengele, na ukiliona linageuza pua upande usiotakiwa usimlaumu Prandtl.

Dawa yake ni vipande. Ukikata vipande vitatu, wa kwanza kutoka mzizi hadi kituo cha kumi, wa pili hadi cha kumi na tano, wa tatu hadi ncha, kosa linabaki chini ya digrii moja kwenye kipande cha kwanza, na vivyo hivyo kwenye kipande cha ncha, ambacho ndicho chenye kazi nyeti. Kipande cha kwanza na cha ncha ukivigawa tena, kosa linapungua zaidi. Violezo vinaongezeka, gundi inaongezeka, ila hakuna mashine ya ziada.

NASA wao walitumia povu, kaboni na faibaglasi. Kaboni kwa bawa la namna hii ina sababu kubwa kuliko wepesi. Bawa refu jembamba lililorudishwa nyuma, likikunjwa na mzigo kuelekea juu, linapunguza pembe ya ncha lenyewe. Msokoto ulioukata kwa nusu digrii ukiwa mezani unaweza kuharibika hewani kama ngozi ya bawa ni laini. Mkanda wa plastiki juu ya povu tupu, unaotosha kabisa kwa ndege bawa ndogo ya kuchezea, kwa Prandtl-D hautoshi.

Hewani

Ndege ilirushwa kwa kamba ya mpira iliyofungwa ardhini, ikapanda, ikaachia, ikateremka taratibu huku rubani akiiongoza kwa rimoti na kifaa kidogo ndani yake kikirekodi mizunguko. Data iliyobeba hoja ni ya mwaka 2013, ya ndege ya pili. Kilichotafutwa ni ishara moja: rubani akilaza ndege kulia, pua inaanza kwenda wapi?

Ilikwenda kulia. Akilaza kushoto, ilikwenda kushoto. Ncha hazikuwa na breki wala pezi la kusingiziwa, na hiyo ndiyo nguvu ya jaribio: kila kisingizio kilichokuwepo kwenye ndege za Horten kilikuwa kimeondolewa mezani. Modeli ya povu ilijibu jambo ambalo ndege zenye marubani ndani ziliacha na ukungu.

Jina la mradi ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayotaja usanifu wa kupunguza ukinzani, na kwa makusudi linasomeka kama jina la Prandtl. Lakini hoja ya hewani ya ripoti ile haikusimama juu ya kipimo cha ukinzani. Ilisimama juu ya pua. Mtu anayesema "NASA walithibitisha asilimia 11 kwa modeli" ameunganisha hesabu ya 1933 na rekodi ya 2013 kwa uzi wake mwenyewe. Kupima ukinzani wa glaida ya rimoti kwa uhakika ni kazi ngumu kweli: upepo unaopanda kidogo tu unatosha kuficha asilimia zote hizo. Kupima pua imekwenda wapi ni rahisi, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Walichagua swali linalojibika, na mimi nawapa heko kwa hilo kuliko kwa jingine lolote.

Mradi ulikua baadaye. Ndege ya tatu, yenye urefu wa futi 25, kama maradufu ya zilizotangulia, iliruka Oktoba 2015. Ikazaliwa pia Prandtl-M, ndege ndogo iliyofikiriwa kuruka katika hewa nyembamba ya Mirihi.

Anayetaka kuijenga

Vipimo viko wazi kwa umma, kwa hiyo kishawishi ni kuchukua jedwali la msokoto na kulipachika kwenye bawa ulilonalo. Haliendi hivyo. Jedwali lile ni la bawa lenye mrudio ule, msinyao ule na mikato ile (maumbo ya bawa likitazamwa kwa ubavu), likibeba mnyanyuo wa kiasi kilichokusudiwa. Badilisha upana wa ncha, na pembe zote zinahitaji kukokotolewa upya.

Kupunguza ndege nzima kwa uwiano mmoja kunahifadhi pembe, lakini kunaleta tatizo jingine. Chukua urefu wa mita 1.5, ambao ni mara 0.4. Ncha inakuwa na upana wa milimita 40. Kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, namba ya Reynolds ya ncha, kipimo kinacholinganisha mwendo na upana wa bawa na unato wa hewa, inashuka hadi kama 27,000, ambapo hewa hung'oka juu ya bawa kwa sababu ndogo tu. Ndege ya awali kwa mwendo huohuo ingekuwa na 67,000 kwenye ncha. Na kwenye upana wa milimita 40 kibao kinakuwa ukanda wa kidole kimoja, sevo haina pa kukaa, na kosa la milimita moja kwenye ukingo wa nyuma ni karibu digrii moja na nusu. Kwa hiyo huu si usanifu wa kupunguzwa. Mwenye nafasi ya mita tatu na kuendelea aingie. Mwenye mita moja ajenge bawa pana lenye mkato ulioinuliwa nyuma, agundishe mapezi mawili kwenye ncha, aruke jioni hiyohiyo. Mapezi si aibu.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba kwenye ndege hii kila marekebisho ya rimoti yanagusa msokoto. Uzito ukiwa mbele mno, utashikilia vibao juu ili pua isizame, na hapo umepunguza pembe ya ncha kupita ilivyokusudiwa. Uzito ukiwa nyuma, utashikilia vibao chini, ncha zinabebeshwa mzigo, na mnyanyuo unaondoka kwenye kengele kuelekea duaradufu, pamoja na ugomvi wake wa pua. Kwenye ndege yenye mkia betri ikisogea sentimita mbili inabadilisha utulivu wa pua peke yake. Hapa inabadilisha na kona.

Ndiyo maana utaratibu wa kuijaribu unaanza na betri. Itafutie mahali ambapo ndege inateremka kwa mwendo wake wa kawaida huku vibao vikiwa vimenyooka kabisa na ncha ya bawa. Hilo likishapatikana, weka kifaa cha kurekodi mizunguko, laza ndege kwa amri fupi kali, kisha irudishe. Kwenye rekodi tazama mwanzo wa amri tu, ile sehemu ndogo ya sekunde kabla ndege haijalala vya kutosha kuanza kuteleza ubavu. Baada ya hapo mrudio wa mabawa wenyewe unavuta pua kuelekea kwenye mtelezo, na utajiona umefaulu hata kama bawa lako si kengele. Mzunguko wa kulala na mzunguko wa pua ukianza upande mmoja, msokoto wako uko sawa. Zikianza pande tofauti, pima pembe za ncha upya kwa kipima pembe kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu vituo vitano vya mwisho vina karibu digrii sita za msokoto, na kazi ya waya wa moto huharibikia zaidi pale.